Robo ya Mtungi

Wako watu hapa Malindi ya Unguja mpaka leo wakiniona napita wanaambizana, "Yule ndiye Makungu aliyeizamisha mashine ya maji." Wasemao hivyo hawasemi uongo, na mimi sikatai. Ninachokikataa ni kuishia hapo. Mtu akitaka kunisema, anisemee kisa kizima, na kama hakijui basi akae kitako anisikilize.

Mwaka wa hamsini na sita nilikuwa serahangi wa tishari. Meli kubwa zilikuwa zikitia nanga mbali, sisi tunazifuata na matishari yetu, tunapakia shehena, halafu stimu ndogo inatuvuta mpaka gatini. Serahangi ndiye mkubwa wa tishari. Yeye ndiye anayesema kitu gani kikae wapi, na yeye ndiye anayekagua kamba kabla ya kuondoka. Kazi hiyo niliijua sana. Lakini hasira zangu zilikuwa karibu. Mtu akinigusa kidogo tu mimi nshawaka, na nikishawaka sioni wala sisikii.

Jumatatu hiyo tuliteremshiwa kasha kubwa la mbao, ndani yake mna injini na pampu ya kuvutia maji kisimani. Haikuwa ikienda kwa wageni. Ilikuwa ikienda Mtende, kusini, kwetu nilikozaliwa. Huko wanawake walikuwa wakichota maji pangoni. Unashuka vidato vya mawe kwenye giza na utelezi, halafu unapanda na ndoo kichwani. Mama yangu, Bi Time, alikuwa ameteleza humo mwaka uliotangulia akavunjika nyonga. Mfupa ulipounga ulimwacha anachechemea, na bado alikuwa akishuka, kwa sababu hapendi kuombaomba maji kwa majirani. Kwa hiyo kasha lile mimi nililipokea kama napokea mzigo wa mama yangu.

Bas, mtu wa winchi akanipigia kelele kutoka juu ya meli, ati mimi mtu wa shamba nisiyejua kufunga hata mbuzi. Nikamjibu. Akanirudishia. Tukatukanana hivyo hivyo mpaka stimu ikaanza kutuvuta, na mimi bado nimesimama nyuma ya tishari namwonyesha ngumi. Kamba za kasha sikuzikagua. Tulipofika penye mkondo, wimbi likatupiga ubavuni, tishari likainama, na kasha likateleza pamoja na turubai lake kama kipande cha sabuni. Lilizama mbele ya macho yangu.

Wakubwa wa kazi walipiga simu Mombasa kuomba mzamiaji. Jawabu likaja jioni ile ile kwamba hapatikani mpaka mwezi ujao. Fundi mmoja akaniambia wazi kwamba injini imepakwa grisi nzuri na imezibwa, itastahimili siku saba, labda nane, na baada ya hapo maji ya chumvi yataila na itakuwa chuma cha kutia nanga. Nyingine haitakuja, alisema. Hii yenyewe Mtende waliingoja miaka minne.

Jumanne asubuhi akaja nyumbani kwangu sheha wetu wa Mtende, Mzee Mcha, mtu mwenye maneno mengi kuliko nywele zake. Nilikuwa nimejitayarisha kugombana naye. Nikamwamkia, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba," akakaa, akanywa kahawa yote kimya.

"Mama yako kanituma," akasema mwishowe. "Kasema nikwambie hakulaumu."

Angenitukana ningemjibu. Akaondoka, na mimi nikatoka nyuma yake kwenda gatini.

Siku ile ile nikalifuata kasha. Mimi mtoto wa pwani ya kusini. Kwetu tukizamia kombe tunakumbatia jiwe kifuani, tunavuta pumzi moja kubwa, tunaikaza, na jiwe linatupeleka chini. Katika hilo sikuwahi kuona wa kunishinda. Nikalikuta kasha pima saba chini, limelala upande, nusu limo matopeni. Ili linyanyuke ilibidi kamba mbili zipite chini yake, mbele na nyuma, na kila kamba ichimbiwe njia. Kila nikianza kuchimba, matope yanatibuka, sioni hata mkono wangu, pumzi inaniishia, napanda. Nilishuka mara kumi na moja. Mara ya mwisho nilipanda na damu puani.

Bwana Renato alikuwa amesimama gatini ananitazama, pamba sikioni. Huyu alikuwa Mtaliana aliyekuja Unguja kupiga picha samaki, na watu walimwita Bwana Samaki. Alikuwa amekaa Mogadishu miaka mingi na Kiswahili alikisema kama mtu anayetafuna mnofu. Alikuwa na mitungi ya chuma iliyojazwa hewa kwa nguvu. Unaubeba mtungi mgongoni, unauma kipira mdomoni, na unapumua chini ya maji kama uko barazani kwako. Lakini sikio lake lilikuwa limeoza kwa usaha na daktari alimkataza asitie kichwa majini. Na mashine yake ya kujazia hewa ilikuwa imevunjika pete ya ndani, kipuri mpaka kitoke Italia.

"Mimi nna mitungi miwili imejaa," akaniambia. "Miwili tu. Chukua. Lakini fanya nnavyosema."

"Ntafanya," nikasema.

Sikufanya. Jumatano asubuhi tulikwenda na mashua yake, Jaku mpiga makasia wake ameshika usukani. Bwana Renato akanivisha mshipi wenye madonge sita ya risasi, uzito wa kunishusha chini. Nikamwambia niongezee. Akasema sita yanatosha. Nikamwambia mimi nimezaliwa na jiwe kifuani, asinifundishe kushuka. Akatikisa kichwa, akaniongezea manne. Halafu akaninyooshea kidole.

"Neno moja sikia. Usikaze pumzi hata kidogo. Ukipanda na pumzi imekazwa, mapafu yanapasuka. Pumua daima, polepole."

Nikaitikia kwa kichwa tu. Moyoni nilikuwa na hesabu yangu. Nilisema, mtungi una hewa kidogo, na mimi najua kukaa na pumzi moja kuliko mtu yeyote Unguja. Nikivuta mara moja nikaikaza, nikavuta tena nikaikaza, mtungi huu utanichukua mpaka adhuhuri. Kupanda ntapumua alivyosema, lakini huko chini kazi ni yangu.

Nikashuka kama nanga. Risasi zile kumi zilinibwaga matopeni mpaka magotini, na kila nikitaka kusogea ilibidi nipige mapezi ya mpira kwa nguvu zote na mikono juu yake. Nilikaza pumzi, nikachimba, kifua kikaanza kuwaka, nikaiachia, na hapo nikawa navuta tatu nne kwa pupa kufidia ile moja niliyoibana. Nikaikaza tena. Kichwa kikaanza kunigonga. Nilikuwa hata sijapitisha kamba ya kwanza pale kipira kilipoanza kuwa kigumu mdomoni. Nikavuta kijiti cha akiba kilichoko ubavuni mwa mtungi, nikapata hewa ya kupandia, nikapanda huku napuliza.

Bwana Renato alitazama saa yake. "Dakika kumi na nne," akasema. "Mtu aliyejifunza jana anakaa ishirini na tano. Wewe unapumua kama ng'ombe anayekimbia."

Nilivua mshipi wake nikaubwaga ndani ya mashua, ukakaribia kutoboa ubao. Nikamwambia maneno ambayo nashukuru hakuyaelewa, lakini Jaku aliyaelewa na akageuza uso. Tulipofika gatini nikaenda zangu nyumbani nimelowa vile vile, bila ya viatu, Malindi nzima inanitazama.

Mke wangu Mwatum alikuwa uani anasokota kamba. Yeye ni wa Mtende pia, na kamba za usumba wa nazi alizozisokota zilikuwa zinafunga mizigo kwenye nusu ya matishari ya bandari. Aliniangalia, hakusimamisha mikono.

"Haya, Baba Wanu. Sema."

Nikasema yote. Nikamsema Mtaliana, nikaisema mitungi, nikamrudia mtu wa winchi, nikaumalizia mkondo. Yeye anasokota tu. Nilipofika kwenye habari ya kukaza pumzi, mikono yake ikasimama.

"Kwani kakwambia ukaze?"

"Kasema nisikaze. Lakini hewa ni kidogo, Mwatum. Kitu kidogo unakibana."

"Na ulipoibana ikazidi?"

Nikakamua nguo yangu iliyolowa.

"Kila Alhamisi kwenye maulidi ya homu," akasema, "mnapiga magoti safu nzima, mnainama kulia, mnainama kushoto, na mstari mmoja wa kasida mnauvuta mpaka mimi nliyekaa huku nyuma kwa wanawake nachoka kuungoja uishe. Na hakuna mtu anayesikia umevuta pumzi wapi. Ushawahi kukaza pumzi kwenye homu?"

"Kwenye homu hukazi. Unaiachia kidogo kidogo mpaka mstari uishe."

"Na ukiwa umekasirika?"

"Ukiwa umekasirika huwezi kuimba homu."

"Ehee," akasema Mwatum, akarudi kwenye kamba yake.

Nilikasirika zaidi, nikasema kuimba ni kuimba na bahari ni bahari. Alisimama akaingia jikoni, akatoka na buli la kahawa na kikombe kidogo kisicho mkono. Akanionyesha mkeka. "Lala chali."

"We mwanamke una wazimu?"

"Lala."

Nikalala. Akaniweka kikombe tumboni, juu ya kitovu, akamimina kahawa mpaka ukingoni. Ilikuwa ya moto.

"Mbona hukutia ya baridi?"

"Ya baridi utaizoea. Haya, nivutie mstari. Usiutamke, upumue tu. Tumbo lipande na kikombe, lishuke na kikombe, na kahawa isimwagike."

Ikamwagika. Ikamwagika mara ya pili na ya tatu, na tumbo langu likawa jekundu, na kila ikimwagika nilikuwa natukana, na kila nikitukana inamwagika zaidi. Mwatum alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi kwa ncha ya kanga. Binti yetu Wanu akaitwa naye aje atazame. Jirani Kidawa akachungulia ukutani akauliza kama naumwa. Mwatum akamwambia, "Haumwi, shoga. Anafundishwa kupumua." Nilitamani ardhi inimeze.

Lakini kufika alasiri kikombe kilikuwa kimetulia. Nilikuwa navuta puani bila ya haraka, na kutoa kwa kirefu, mara mbili ya kuvuta, kama tunavyomalizia mstari wa homu. Mwatum alihesabu kwa kamba yake. Mwanzo alikuwa anasokota mara nne kila pumzi yangu. Jioni alifika tisa.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kwa Bwana Renato. Kumwomba mtu radhi si kazi niliyoizoea, kwa hiyo nilisimama mlangoni pake nikasema, "Nilikosa. Nifundishe." Akanitazama kidogo, akavuta kiti.

Alhamisi hiyo na Ijumaa yake hatukuugusa mtungi. Alinipeleka kwenye maji ya kiunoni, akanipa mrija wa kupumulia na mapezi, akanifundisha kulala juu ya maji kama mkeka uliotandikwa. Mikono aliifunga kwa kitambaa mbele ya tumbo ili nisiitumie. "Mkono unakula hewa," alisema. "Mguu polepole, kutoka nyonga, halafu acha uteleze." Nikipiga mapezi kwa pupa ananirushia kokoto. Akapunguza risasi moja moja mpaka yakabaki madonge matano, na nikiyavaa siendi chini wala juu, nimetundikwa tu katikati ya maji. Katika maisha yangu yote ya kuzamia sijawahi kujua kwamba mtu anaweza kukaa hivyo bila ya kupigana na bahari. Nililipenda jambo hilo, sifichi.

Jumamosi ilikuwa siku ya sita. Mahamali na mabaharia walijaa gatini, na tishari langu lenyewe lilikuwa limeshatiwa nanga juu ya kasha, na kapi kubwa tayari kunyanyua. Mzee Mcha alikuwa amekuja tena kutoka Mtende, safari hii na watu sita, na kila mmoja ananitazama usoni kutafuta habari. Mwatum alileta kamba mbili mpya, nene, alizozisokota wiki hiyo.

"Hizi zikague mwenyewe," akaniambia. Nikajua anasema nini. Nikazipitisha mikononi pima kwa pima mpaka mwisho.

Bwana Renato akanivisha fulana yake ya sufi, akasema mtu anayesikia baridi anapumua sana. Akanifunga uzi kiunoni, ncha nyingine kwa Jaku. Kila dakika tano Jaku atauvuta mara moja. Mtungi wa mwisho ukakaa mgongoni. Nikauma kipira, nikajiachia majini kinyumenyume.

Sikuzama upesi. Nilishuka kwa kufuata kamba ya nanga, mkono mmoja, miguu imetulia, na njiani nikauanza mstari. Kuvuta, kisha kutoa, kirefu, mapovu yanapita sikioni kwa mlio mmoja. Nilipofika chini nilijizuia nisiguse matope. Nikaelea shibiri moja juu yake, na maji yakabaki safi. Jumatano nilikuwa nimefanya giza langu mwenyewe kwa kupiga mateke. Sasa naliona kasha lote, na maandishi yake, na turubai limekunjika ubavuni.

Nikachimba kwa mkono mmoja, polepole, mchanga na tope navisukuma upande wa mkondo ili viende zao. Jaku akavuta uzi. Dakika tano. Nikapitisha ncha ya kamba ya kwanza, nikaifuata upande wa pili, nikaivuta, ikaja. Nikafunga fundo. Jaku akavuta. Kumi. Nikalikagua lile fundo, halafu nikalikagua tena. Jaku alivuta mara ya tatu nikiwa nachimba upande wa nyuma, na hapo nilikuwa nshapita dakika zangu za Jumatano na kipira bado laini mdomoni. Nilicheka, na maji yakaingia kwenye miwani ya kuzamia.

Kamba ya pili ikakwama.

Niliivuta, haikuja. Nikaivuta kwa mikono miwili. Nikaweka mguu kwenye kasha nikavuta mpaka usumba ukanichuna viganja. Nikakasirika. Nilimwona yule mtu wa winchi yuko juu ya meli yake ananicheka, nikaanza kumtukana ndani ya kipira, na mapovu yakatoka makubwa makubwa kama sufuria la uji. Nikaisikia pumzi yangu. Ilikuwa ni ya yule ng'ombe. Haa, haa, haa, na kila moja ni hewa ya mama yangu inayokwenda juu bure.

Niliiachia kamba. Hilo ndilo jambo gumu kuliko yote niliyoyafanya siku ile, kuiachia kamba na kutofanya kitu. Nikaweka kiganja juu ya kitovu, pale palipokuwa na kikombe, pale bado pananiwasha kwa kahawa. Nikatoa pumzi yote, taratibu, mpaka mwisho. Nikangoja tumbo lenyewe lipande. Nikainama kulia kidogo, nikainama kushoto, kama niko safuni na matari yanapigwa, peke yangu chini ya bahari ya Malindi. Mstari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Jaku akavuta uzi, dakika ishirini, sikushtuka.

Halafu nikaona. Kamba haikukwama matopeni. Ilikuwa imenaswa na ukanda wa chuma uliofunga kasha, umebenuka kwenye kona, na kila nikivuta nilikuwa nazidi kuinasa. Ilitaka kurudishwa nyuma shibiri moja tu. Nikairudisha, nikaipitisha chini zaidi, ikaja laini. Nikafunga. Nikakagua fundo la pili, nikarudi la kwanza, nikarudi la pili. Jaku alivuta mara ya tano. Nikavuta uzi mara tatu, maana yake nyanyueni.

Nilipanda huku natoa pumzi, nyuma ya mapovu yangu madogo, sikuyapita. Nilipotokeza kichwa, kitu cha kwanza nilichokiona ni kamba za Mwatum zimekaza juu ya kapi, zinachuruzika maji. Mahamali walivuta kwa pamoja, na kasha likatoka baharini likining'inia sawa sawa, tope linadondoka. Watu wa gatini walipiga kelele hata nikaona haya. Mzee Mcha alikuwa analia waziwazi na hajifuti.

Bwana Renato hakulitazama kasha. Aliukamata mtungi akaufunga saa yake ya kupimia hewa. Akaitazama, akaigonga kwa kucha, akaitazama tena, kisha akatazama ya mkononi.

"Dakika ishirini na nane," akasema. "Na robo imebaki."

"Robo ya nini?"

"Robo ya hewa, Makungu. Hukuvuta hata akiba." Akanipa mkono, akanitikisa kwa nguvu mpaka bega likaniuma. Mimi nilimtafuta Mwatum kwa macho. Alikuwa amekaa juu ya gunia, amejifunika uso kwa kanga, na mabega yake yanatikisika, sikujua analia au anacheka. Baadaye aliniambia yote mawili.

Mafundi waliiosha injini kwa maji baridi na mafuta ya taa, siku mbili, wakaipaka mafuta. Jumanne ikapakiwa kwenye lori kwenda Mtende. Nami nikapanda, na Mwatum, na fundi, na Bwana Renato. Nikamwomba nichukue na ule mtungi. Nilitaka mama auone tu, auguse, ajue mwanawe alivaa nini.

Mtende walikuwa wote kwenye kisima kirefu kilichochimbwa kuingojea pampu. Injini ikafungwa, bomba likashushwa, fundi akazungusha mkono wa kuwashia. Ikakohoa, ikanyamaza. Akazungusha tena. Wakapokezana vijana wenye nguvu, jasho linawatiririka, inakohoa na kunyamaza. Fundi akafungua hiki na kile, mwishowe akachomoa kijibomba chembamba cha mafuta, akakitazama kwenye jua. Kilikuwa kimeziba kwa tope, laini kama unga, limeganda ndani. Akapuliza kwa mdomo. Mzee Mcha akapuliza. Wakatia waya, haukupita penye kona. Fundi akasema labda akirudishe mjini, apeleke kunakohusika, na sauti yake ilivyokuwa, kila mtu alijua kitakaa huko mpaka lini. Wanawake wakaanza kuziokota ndoo zao. Nikamwona mama yangu ameshika yake, amegeuka upande wa pangoni.

Hasira zikanipanda, wallahi, mpaka masikio yakawa ya moto. Nikaweka kiganja tumboni. Nikatoa pumzi. Na nilipokuwa naitoa, macho yakaangukia mtungi, umeegemezwa kwenye gurudumu la lori.

"Bwana Renato," nikamwita. "Ile robo."

Aliniangalia, halafu akaelewa, akauchukua mbio. Akakizungushia kijibomba kitambaa, akakibana kwenye mdomo wa mtungi, fundi akashika upande wa pili, na mimi nikafungua kilango cha hewa kidogo kidogo. Ikalia kama nyoka. Hakikutoka kitu. Nikafungua zaidi. Tope likaruka kama risasi, likampiga Mzee Mcha kwenye kanzu, na nyuma yake hewa ikapita, safi, mpaka mtungi ukanyamaza na ukawa mtupu kabisa.

Fundi akakirudisha kijibomba. Akazungusha mara moja. Injini ikakohoa, ikapiga, ikashika, na moshi mweusi ukatoka. Tukalingoja bomba. Likatema tope, likatema povu, kisha likatoa maji, mengi, yanamwagika chini, na hakuna aliyekuwa na ndoo chini yake kwa sababu wote tulikuwa tumesimama tunatazama.

Mama yangu ndiye aliyetangulia. Alikwenda akichechemea, akakinga mikono miwili, akanawa uso, akanawa tena. Halafu akakaa palepale kwenye maji na kanga yake njema, akainyoosha nyonga yake mbovu chini ya bomba.

Mzee Mcha, kanzu yake ina tope, akasema lazima Makungu aseme maneno mawili mbele ya watu. Wote wakanigeukia. Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno maishani mwangu, nikafungua kinywa na kisitoke kitu.

"Mwacheni," akasema Mwatum. "Pumzi yake yote kaitia bombani."

Watu wakacheka. Mama akajaza kata, akaniita, "Makungu."

"Naam, mama."

"Njoo unywe."

Nikapiga magoti kwenye tope, nikaipokea kwa mikono miwili, nikainywa yote kwa pumzi moja.